Mimba ya Mpunga

Mwanamke anayefika wodini kujifungua huwa namuuliza ya nyuma kwanza. Amezaa mara ngapi, alizalia wapi, wangapi wapo, na ambao hawapo waliondoka namna gani. Swali hilo la mwisho nimejifunza kuliuliza nikiwa nimekaa, macho yangu usawa wa macho yake, kwa sababu ukiliuliza umesimama unaonekana kama askari. Majibu yake ndiyo ninayofanyia kazi. Utrasaundi yetu imechoka na maabara ni chumba kimoja, lakini mwanamke akinisimulia mambo yake vizuri, nusu ya kazi inakuwa imekwisha.

Siku waliyokuja wale wa Maparoni, kisiwa cha huko delta, nilisimuliwa vizuri kuliko kawaida.

Ilikuwa masika, mvua imekatika kidogo asubuhi na joto limepanda kutoka ardhini. Walishuka kwenye bajaji watatu. Wa kwanza alikuwa mama mtu mzima, mwembamba, aliyenyooka kama fito. Nyuma yake walikuja wanawake wawili, wote na matumbo makubwa ya kukaribia kuzaa. Walikuwa wamejifunga khanga za doti moja, kila mmoja kipande chake, hivyo kwa mbali ungedhani unamwona mtu mmoja mara mbili. Muuguzi wa zamu, mkunga mwenye mdomo mwepesi ambaye wodi nzima humpendea utani wake, aliwapokea mlangoni akawauliza kama wamekuja kuzaa kwa zamu au kwa pamoja. Hakuna aliyecheka.

Yule mama alieleza kwamba wametoka Maparoni kwa boti mpaka Nyamisati, na kutoka hapo kwa bajaji. Kadi ya kliniki ililowa njiani. Mwenye uchungu ni huyu, akamgusa begani yule mdogo. Ni mke wa mwanawe. Yule mwingine ni binti yake mwenyewe, yaani wifi wa mgonjwa, amemsindikiza.

Nilikaa, nikamuuliza yule mdogo habari zake. Alinitazama, hakunijibu. Akajibu wifi, aliyekuwa ameshakaa kwenye kigoda kando ya kitanda.

Hilo halikunishangaza. Wanawake wengi wa huko mbele ya daktari huacha mkubwa wao aseme, na mimi si wa huku. Hata Kiswahili changu hunitangaza. Niliuliza nikimtazama mgonjwa, nikajibiwa kutoka kigodani. Watoto watatu. Wote wazima. Wote walizaliwa nyumbani, bila tabu. Mkubwa yuko darasa la saba. Wa mwisho uchungu ulimkuta shambani akiamia ndege wasimalize mpunga, na alipofika nyumbani mtoto alikuwa ameshatoa kichwa. Alisimulia hilo la ndege kwa raha, mpaka na namna alivyokuwa akipiga debe na kujikunja, akipiga debe na kujikunja. Mtu anayetunga huwa hana debe. Nilimwamini kabisa.

Mkunga ndiye aliyetia neno. Alimtazama yule mdogo pale kitandani, uso wa msichana ambao haujamaliza kukomaa, akamgeukia yule mama. "Bibi, huyu mkwe wako ana mtoto wa darasa la saba? Alizaliwa naye mgongoni?"

Mama mkwe akamwambia sura za watu wa delta hazizeeki, ni maji. Tukaachana na jambo hilo.

Nilimpima. Kichwa cha mtoto kilikuwa chini, mapigo ya moyo yanakwenda mbio kuliko ninavyopenda lakini si ya kutisha, mlango wa uzazi umeanza kufunguka kidogo tu. Tulikuwa na nafasi. Nikaagiza damu ichukuliwe, kisha nikaweka kiganja juu ya tumbo lake kungoja uchungu, nione unakuja kwa nguvu gani.

Aliyeguna alikuwa wifi. Mguno mzito wa chini, ule ambao nimeusikia maisha yangu yote ya kazi na ambao mtu haigizi kirahisi. Nikageuka, nikidhani naye ameshikwa. Na wakati nimegeuka, tumbo lililokuwa chini ya kiganja changu likakaza likawa kama jiwe.

Mgonjwa alikuwa anatazama dari. Midomo yake ilikuwa imefungwa, haikubanwa, imefungwa tu kama ya mtu anayesikiliza mvua.

Uchungu ukapita. Niliacha mkono palepale. Baada ya kitambo mguno ukatoka tena kigodani, na baada ya pumzi moja tumbo likakaza. Nikangoja mwingine, ukawa vilevile: sauti inatangulia huku, ugumu unafuata kule. Mimi ni mtu wa kutafuta kamba nyuma ya mazingaombwe. Nilitazama kama wameshikana mikono, hawakuwa wameshikana. Nilitazama miguu chini ya kitanda. Nilimwomba wifi akae na kigoda chake upande wa pili wa pazia, akakubali bila neno. Mguno ukaja kutoka nyuma ya pazia, na tumbo likaufuata.

Sikumwambia mtu. Nilikwenda kuwaona wagonjwa wengine.

Niliporudi kabla ya adhuhuri, wodi ilikuwa imebadilika kwa namna ambayo ilinichukua muda kuitambua. Watu wote walikuwa wamemgeukia wifi. Mama wa kitanda cha jirani alikuwa anampepea kwa kipande cha boksi. Mwingine alikuwa amempa uji wake. Mhudumu anayepita na ndoo alimpa pole yeye, akapita kitanda bila kukiangalia. Na mimi mwenyewe, niliposimama kueleza kwamba tunasubiri majibu ya maabara, nilijikuta katikati ya sentensi nikimweleza mtu wa kigodani. Yule mdogo alilala palepale, lakini macho ya watu yalikuwa yanamruka, kama kitanda kilichotandikwa tayari kwa mtu ambaye hajafika. Ilinibidi nimshike mkono ili nikumbuke kwamba yupo. Mkono ulikuwa wa moto.

Majibu yalipokuja yalionyesha kwamba damu yake ni ya kundi hasi. Si wengi huku wenye damu hiyo, na si ugonjwa. Tatizo ni pale mtoto aliye tumboni anapokuwa na kundi chanya, la baba yake. Mimba ya kwanza mara nyingi hupita salama, lakini mwili wa mama unakuwa umeshajifunza, na kuanzia hapo unaipiga vita damu ya kila mtoto anayekuja. Anazaliwa na upungufu wa damu, au amevimba, au anageuka manjano siku hiyohiyo, na kila anayefuata hali yake huwa mbaya kuliko aliyemtangulia. Ipo sindano ya kumkinga mama, ikiwahi. Wanaozalia nyumbani hawaipati.

Lakini huyu alikuwa na watatu wazima. Huenda mume naye ana damu kama yake. Nilishusha pumzi, nikampeleka kwenye utrasaundi kwa kutimiza wajibu tu, na pale kwenye kioo nikaona kitu kama maji kidogo ndani ya tumbo la mtoto. Au ni kivuli. Mashine ile huonyesha vivuli. Nilibadilisha upande, kikapotea. Nikarudisha, kikawepo.

Nilirudi kumuuliza wifi kama kuna mtoto yeyote kati ya wale watatu aliyewahi kugeuka manjano baada ya kuzaliwa. Hakuna, akasema. Wote walitoka weusi kama yeye. Akatabasamu, na tabasamu likakatwa na mguno, safari hii mrefu, akajikunja mpaka paji la uso likagusa magoti. Nikamwambia mkunga ampeleke kitanda cha pembeni ampime na yeye, maana nilianza kuogopa kwamba tutazalisha wawili na vitanda vya leba havitoshi.

Mkunga alivuta pazia. Tulisikia sauti yake ikimwambia dada legeza khanga, legeza. Alipotoka alinivuta kando kwa mkono wa koti, na huyu mtu ambaye hunitania hata nikiwa na kisu cha upasuaji mkononi hakuwa na utani usoni.

"Daktari, yule ana mimba ya mpunga."

Alinifungulia kiganja. Kilikuwa na punje za mpunga ambao haujakobolewa, na nyingine zilikuwa zimemwagika sakafuni nyuma yake. Ulikuwa umefungwa kwenye kitambaa cha zamani, umefinyangwa vizuri, mzito kama mtoto wa kutimia, na kukazwa kiunoni kwa ukanda. Mkunga alisema alipoweka mkono juu yake wakati mwanamke anaguna, aliuhisi umekaza. Halafu akasema labda ni mkono wake tu. Hakulirudia tena.

Nilimwita mama mkwe barazani. Alikuja, tukakaa kwenye benchi, na nilipomwambia nilichokiona hakutahayari. Alisema kama kwetu nilikotoka hatufanyi hivyo basi hatujapata shida hiyo. Mke wa mwanawe, akanieleza, ana watu wake waliokwisha kuitwa. Hakusema waliokufa. Kuna kinachosikiliza, na kinakwenda pale panapotoka sauti ya uzazi. Kwa wale wa mwanzo kilimkuta peke yake. Safari hii wamekipa mahali pengine pa kusikiliza. Tangu mwezi ulipoandama binti yake amebeba, na tangu boti ilipong'oa nanga mwenye mimba hasemi, na mtu hamsemeshi. Dua zimesomwa pia, akaongeza, asije mtu akadhani hawajui Mungu.

Nikamuuliza waliitwa namna gani. Walikuwa na hali gani kabla.

"Hao hatuna," akasema.

Nilimweleza habari ya damu, polepole, bila maneno ya kitaalamu. Alisikiliza vizuri kuliko wanafunzi wangu wengi. Akaniuliza, nikijua, nitafanya nini. Nikamwambia nitampandisha mkwe wake gari la wagonjwa sasa hivi, wakati bado kuna nafasi, akazalie hospitali kubwa Dar es Salaam ambako mtoto atabadilishwa damu. Na nisipojua? Nikamwambia kumsafirisha mwanamke mwenye uchungu kwa barabara ile si jambo la kufanya kwa sababu ya kivuli kwenye kioo. Anaweza kuzalia njiani. Nisipojua, nitamngoja hapa kama mama wa watoto watatu wazima.

Alitazama ua uliojaa maji ya mvua. Kisha akasema kinywa chake hakitawataja, hata akichinjwa. Aliwavika sanda kwa mikono yake, na akiwataja leo atakuwa amefungua mlango alioufunga mwenyewe. "Mwenye kusema ni yule uliyemkuta anasema," akamalizia. "Muulize yeye, mwanangu."

Niliporudi wifi alikuwa ameshaufunga tena mpunga wake na amekaa kigodani. Nilikaa chini mbele yake, sakafuni kabisa. Mgonjwa alikuwa kitandani, macho darini. Nilidhani nimepata njia ya kupita ndani ya utaratibu wao bila kuuvunja.

"Mwenye mimba ni wewe?"

"Ni mimi."

"Basi na waliotangulia ni wako. Niambie waliondokaje."

Alielewa mara moja ninampeleka wapi, na uso wake ukanywea. Mimi ndiye niliyechelewa kuelewa. Mpaka dakika ile alikuwa amejibu kweli tupu juu ya watoto wake mwenyewe, watatu, wazima, walioachwa Maparoni kwa jirani. Nilichokuwa namtaka afanye ni kukaa pale, huku amejiweka wazi ili asikilizwe yeye, aseme kwa sauti yake kwamba watoto wake wamekufa.

Wodi ilikuwa imenyamaza. Yule mama wa kitanda cha jirani aliacha kupepea.

Wifi alilamba midomo. "Wangu wa kwanza," akaanza, "alitoka angali mchanga, hajawa mtu." Mikono yake ilikuwa imeushika mpunga kwa chini, kama mtu anayezuia kitu kisianguke. "Wangu wa pili. Wangu wa pili alizaliwa…"

"Ni wangu."

Sauti ilikuwa kavu, ya mtu aliyeamka. Hakuna aliyegeuka haraka, nadhani kwa sababu hatukujua tugeukie wapi.

"Wifi, niache. Usiseme," akasema yule wa kitandani. "Ni wangu mimi. Wote ni wangu."

Akanigeukia mimi, akasimulia. Mimba ya kwanza ilitoka. Mtoto wa pili alizaliwa akalia vizuri, na kesho yake macho yakawa manjano, halafu ngozi nzima, kama amepakwa binzari, akakataa ziwa, akakakamaa. Wa tatu alizaliwa mweupe kama karatasi, amevimba, hakulia. Alisimulia bila kupumzika, kama anayevuka mto akijua akisimama atazama, na machozi yakishuka pembeni kuelekea masikioni. Alipomaliza uchungu ulimjia, na safari hii hakuna aliyeguna kabla. Aliguna mwenyewe. Wifi alikuwa amejiziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Mama mkwe alikuwa mlangoni. Sijui alifika saa ngapi. Aliteremka taratibu akakaa sakafuni, miguu mbele, na kwa muda alionekana mzee sana. Kisha akainuka akaanza kukunja vitu vyao.

Sikuhitaji zaidi. Nilimpigia simu mwenzangu Dar, nikamweleza aandae damu na daktari wa watoto, nikaita gari. Mkunga alikubali kwenda naye. Ndipo mama mkwe akaja na sharti moja, naye alilisema kwa namna ambayo haikuacha nafasi ya kubishana: gari lisipige king'ora, na lisitangulie. Bajaji ya binti yake itangulie kwanza. Inarudi Nyamisati.

Nilisimama getini nikaiona ikiondoka. Wifi alikuwa peke yake nyuma, ameegemea, na mguno wake sasa ulikuwa kilio cha waziwazi, cha mwanamke ambaye mtoto yuko njiani. Ulisikika barabara nzima. Vijana wa bodaboda walisimama kwenye pikipiki zao kumpisha, wachuuzi wa korosho wakasimama, kila mtu akimwombea salama. Sauti ilipopotea, na mbwa waliokuwa wanabweka wamenyamaza, mama mkwe akapanda kwenye gari la wagonjwa karibu na mkwe wake na gari likatoka bila mlio wowote. Hakuna aliyelitazama.

Mtoto alizaliwa Dar jioni ileile. Mwenzangu alinipigia kuniambia ni wa kike, amepauka, ana maji kidogo tumboni, wameshaanza kumbadilisha damu. Kesho yake akaniambia yuko chini ya taa ya buluu na analia kwa hasira. Niliweka simu chini nikaenda kunawa mikono, ingawa sikuwa nimeshika kitu.

Miezi ilipita kabla sijafika Maparoni. Tulikwenda na timu ya kliniki ya mkoba, chanjo na kupima wajawazito, kwenye jengo la shule. Nilikuwa nimemuuliza mtu mmoja mmoja, huko Ikwiriri na Kibiti, kuhusu desturi ile. Wengine hawakuwahi kuisikia. Mmoja alisema hayo ni ya ukoo ule tu. Mwingine aliuliza kwa nini nataka kujua. Pale Maparoni niliambiwa bila kuuliza, na mama mmoja aliyekuwa anapimwa, kwamba wifi yule alijifungua jioni ileile aliyorudi, na mtoto hakuwa na uhai, na watu walikaa matanga. Alisema hivyo huku akinitazama usoni, anangoja aone nitafanya nini. Niliendelea kupima.

Wifi mwenyewe nilimwona uani, tumbo limekwisha, anagombeza watoto watatu waliokuwa wanarushiana matope. Walikuwa wazima, wana kelele. Alinishika mkono kwa mikono miwili.

Yule mdogo alikuwa kwenye foleni ya chanjo, ana mtoto mapajani. Nilimtambua mtoto kabla ya mama, kwa sababu nilitazama macho yake kwanza. Weupe wa macho ulikuwa safi kama maziwa. Alikuwa mnene, ana mikunjo mapajani, amefungwa uzi mweusi mkononi. Nilifurahi mpaka nikasahau nilipo, nikasema kwa sauti, mbele ya watu wote, "Mwanao anaendeleaje?"

Foleni ikanyamaza. Ni ukimya ule niliowahi kuusikia wodini, wa watu ambao hawajui sauti itatoka upande gani. Nyuma ya shule maji yalikuwa yanajaa, yanaingia kwenye mikoko bila mlio. Mama mkwe, aliyekuwa amekaa kwenye jamvi, aliacha kusogeza tasbihi.

Mama wa mtoto alinitazama. Yalikuwa macho ya mtu anayekuomba usidondoshe kitu ambacho ameshakukabidhi mkononi.

"Yule hakukaa, daktari," akasema, si kwa sauti ndogo. "Tulimzika. Huyu nimemwokota tu, huko Dar."

Mtoto alikuwa amenishika kidole, anakivuta kukipeleka mdomoni.

Nikampa pole. Nilimpa pole kama inavyotolewa, na kumwombea Mungu ampe subira, na wanawake wa kwenye foleni wakaitikia. Halafu nikamuuliza kama huyo wa kuokota ananyonya vizuri. Akasema ananyonya sana.